Kubadilisha Ekzosi ya Pikipiki ya Spoti Hapa Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Idi ikikaribia vijana hunijia uani na pikipiki zao, boksi la ekzosi mpya (bomba la moshi) chini ya kwapa, swali ni lile lile. Nimeyaandika maswali yenyewe hapa ili mtu ayasome kabla hajashika spana. Ninazozizungumzia ni pikipiki za spoti: Yamaha R15 na R3, Kawasaki Ninja, KTM RC 390, Honda CBR, hadi zile za silinda nne zenye injini ya sisi (cc) 600 kama R6 na GSX-R. Boxer ya boda boda ina mambo yake, lakini habari za chumvi na kutu zinamhusu hata mwenye Boxer.

Nikibadilisha ekzosi, pikipiki itakimbia zaidi?

Kidogo sana, na mara nyingi hutahisi kitu. Ukibadilisha mtungi wa nyuma (sailensa) peke yake kwenye pikipiki ya sisi 600 utapata nguvu ya farasi mmoja, wawili, ukibahatika watatu, juu ya mia moja na kitu ulizo nazo tayari. Kwenye R15 ya sisi 155 hata huyo farasi mmoja utamtafuta kwa tochi.

Kinachobadilika kweli ni uzito na sauti. Mtungi wa kiwandani wa pikipiki kubwa ni mzito kwa sababu ndani umegawanywa vyumba vya chuma. Ukiuondoa na kuweka mwepesi unaweza kupunguza kilo mbili hadi nne, na ekzosi nzima ya titani hupunguza zaidi ya hapo. Uzito huo unakaa nyuma na juu, kwa hivyo ukiupunguza utasikia tofauti pikipiki inapolala kwenye kona.

Sauti nayo ni mwongo mzuri. Sikio likisikia ngurumo, akili inahesabu kasi. Kijana mmoja aliniapia kwamba R15 yake imeongeza kilomita 20 kwa saa. Simu yake ilikuwa imerekodi safari za Watamu za kabla na za baada. Tukakaa kivulini tukazilinganisha. Hakukuwa na tofauti yoyote. Debe tupu haliachi kuvika.

Nusu na nzima ni kitu gani?

Nusu ni mtungi wa nyuma tu, pengine na kipande kifupi cha bomba la kuunganishia. Nzima huanzia kwenye kichwa cha injini: mabomba ya mbele, mahali yanapokutana, bomba la kati, mpaka mtungi. Nusu utaifunga mwenyewe kwa saa moja au mbili. Nzima ni kazi ya nusu siku, na kwenye pikipiki nyingine lazima ushushe rejeta ndipo uzifikie nati.

Kwa mtu anayepanda kwenda kazini, Gede, Watamu na kurudi, nusu inamtosha. Nzima bila kurekebisha kompyuta ya injini ni kujitafutia kesi.

Fundi wangu anasema injini lazima ibanwe kidogo moshi, la sivyo inapoteza nguvu. Ni kweli?

Ameona kitu cha kweli, ila sababu aliyoitoa siyo.

Hakuna injini inayopenda kuzuiwa moshi wake. Lakini moshi hautoki kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo: vali ikifunguka, pigo moja la gesi linakimbia ndani ya bomba. Pigo hilo likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, wimbi la mvuto linarudi nyuma kuelekea injini. Simama ufukweni Silversands maji yakiwa yanarudi, usikie mchanga unavyovutwa chini ya nyayo. Ni hivyo hivyo. Wimbi likifika kwenye vali wakati bado iko wazi, linavuta mabaki ya moshi na kusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Likiwahi au likichelewa, linavuruga.

Urefu na unene wa bomba ndio unaoamua wimbi litafika saa ngapi, maana yake linasaidia kwenye mzunguko gani wa injini. Bomba nene na fupi hupendelea mizunguko ya juu, na hapo ndipo mtu anapoona pikipiki imekuwa legevu mjini akasema "imekosa kubanwa". Haikukosa kubanwa. Nguvu yake imehamia juu, kwenye elfu kumi na kuendelea, na barabara yetu yenye matuta kila kituo haikuruhusu kufika huko.

Ndiyo sababu Yamaha tangu 1987 walitia kilango kinachojifungua na kujifunga ndani ya ekzosi, wakakiita EXUP. Suzuki na Honda nao wana vyao. Kilango hicho hufanya bomba moja lifae chini na juu.

Nikiweka ekzosi mpya, kilango hicho kinakwenda wapi?

Mara nyingi kinatoka pamoja na ekzosi ya zamani. Kinabaki kimota kidogo na kebo mbili chini ya kiti au ubavuni. Usikichomoe waya kwanza. Kwenye pikipiki nyingi ukitoa kebo na kuacha mota imechomekwa, kompyuta hairushi taa ya hitilafu, kwa sababu inachotazama ni kama mota inazunguka. Nyingine hukasirika, na hapo unahitaji kifaa kidogo cha kuidanganya kompyuta, ambacho huuzwa pamoja na ekzosi nzuri au kando. Kebo zisiachwe zikining'inia karibu na gurudumu.

Nahitaji kurekebisha mafuta baada ya kubadilisha?

Ukiweka nusu, ukaacha katalisti (sega la ndani ya ekzosi linalosafisha moshi) na kizibo cha sauti (kile cha kuchomeka mdomoni mwa mtungi) mahali pake, pikipiki ya sindano, yaani inayorushiwa petroli kwa amri ya kompyuta, haihitaji chochote. Kompyuta ina uwezo wa kutosha wa kujirekebisha.

Ukiweka nzima, ndiyo. Kwa petroli, uwiano unaounguza kila kitu bila kubaki hewa wala mafuta ni kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Ukiwa unatembea polepole, sensa ya oksijeni inasoma moshi na kompyuta inaishikilia injini karibu na hapo. Ukifungua mkono wa mafuta wote, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani, ambalo hutia mafuta zaidi, karibu 13 kwa 1, kwa ajili ya nguvu na kupoza. Jedwali hilo liliandikwa kwa ekzosi ya zamani. Ekzosi mpya ikipitisha hewa zaidi, mafuta yanapungua pale pale injini inapofanya kazi ngumu zaidi. Injini inapata joto, na hapa kwetu mwezi wa Februari joto tunalo la kugawa.

Dawa ni kuandika upya jedwali hilo, au kuweka kifaa cha kati kama Power Commander. Ifanywe kwa mashine ya kupimia nguvu ya pikipiki, mtu akisoma moshi wenyewe. Usikubali mtu akuuzie faili kwenye simu kwa sababu "ilifaa pikipiki ya binamu yangu".

Pikipiki za kabureta ni hadithi rahisi zaidi: badilisha jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) kwa namba moja au mbili juu, kisha tazama plagi. Rangi ya kahawa ya maziwa ni nzuri. Nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi. Nyeusi yenye masizi, yamezidi.

Inapiga "pa! pa! pa!" nikiachia mkono. Nimeharibu?

Swali hili naulizwa kuliko yote, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiachia mkono kwa ghafla, petroli kidogo ambayo haikuungua inaingia kwenye ekzosi yenye moto. Ikikutana na hewa safi, inalipuka humo humo. Hewa hiyo inatoka wapi? Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kiwandani. Pikipiki nyingi zina vali inayopuliza hewa safi kwenye mlango wa moshi ili masalio yaungue na hewa ya mji isichafuke. Mtungi wa zamani ulizimeza kelele hizo, mpya hauzimezi. Milipuko midogo ya hapa na pale ni ya kawaida.

Njia ya pili ni uvujaji. Mahali pa kuungana hapakubana sawasawa, gasketi ya zamani imerudishwa, au klampu imelegea. Moshi ukipita kwa kasi unanyonya hewa ya nje kupitia upenyo huo. Hii si ya kawaida, na inadanganya pia sensa ya oksijeni: sensa inaona hewa nyingi, inaiambia kompyuta iongeze mafuta, na unaishia na pikipiki inayokunywa petroli kama daladala bovu huku wewe ukilaumu ekzosi.

Kupima ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa baridi, changanya maji na sabuni ya kufulia, paka kila kiungo, washa. Penye upenyo patatoa mapovu. Fanya haraka kabla bomba halijapata moto, na usiweke uso karibu.

Wapo wanaoipenda ile milipuko na kuitafuta makusudi. Kwa pikipiki yenye katalisti, petroli inayoungulia ndani yake huipandisha joto mpaka sega lake linayeyuka na kuziba njia. Halafu mtu analeta pikipiki "haivuti".

Katalisti niitoe?

Ukiweka ekzosi nzima kwa kawaida inatoka. Ila kuipasua ya kiwandani na kumwaga sega lake, hapana. Lile sega lina platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kugeuza gesi ya kaboni monoksidi inayoua kuwa kaboni dioksidi. Ukiipasua, moshi unaouma macho utakuwa wako kwenye kila taa na kila tuta, na wa jirani yako nyuma.

Na maadamu tumeitaja: usiwashe pikipiki ndani ya chumba kilichofungwa, hata dakika chache za kusikiliza sauti mpya. Gesi hiyo haina harufu wala rangi.

Nifunge vipi mwenyewe?

Nitaeleza nusu. Nzima mwite mtu mwenye uzoefu.

Pikipiki iwe baridi kabisa, imesimama wima kwenye stendi ya nyuma au imefungwa kamba ukutani. Siku moja kabla, puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote, rudia usiku. Pikipiki iliyoishi pwani miaka mitatu usiivamie na spana hivi hivi. Bolti za mbele kwenye kichwa cha injini ndizo hatari zaidi: ni chuma kilichosokotwa ndani ya alumini, na chumvi ikiingia kati ya metali hizo mbili zinang'ang'aniana. Ikikatika moja, kuitoa ni gharama kuliko ekzosi yenyewe. Ndiyo maana nasema nusu inakutosha, huzigusi kabisa.

Legeza klampu, toa bolti ya kushikilia mtungi, kisha uuzungushe kushoto na kulia huku ukivuta. Usipige nyundo. Ukitoka, safisha mdomo wa bomba kwa msasa laini mpaka ung'ae, mabaki ya gasketi yote yatoke. Tia gasketi mpya. Ile ya zamani ilishabanwa ikachukua umbo lake, hairudi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Sukuma mtungi mahali pake, tia bolti zote kwa mkono, lakini usikaze hata moja. Tazama kwa nyuma: umelingana na mkia? Unagusa mkono wa gurudumu? Bomba la breki liko mbali? Mwambie mtu akalie kiti na kuruka ruka, uone kama nafasi inabaki. Kila kitu kikiwa sawa, anza kukaza kutoka upande wa injini kwenda nyuma, bolti ya kushikilia mtungi iwe ya mwisho. Ukianza na ya nyuma, unalazimisha bomba likae kwa kupindika. Litakaa, lakini mtetemo utalipasua pale pale penye weldi baada ya miezi.

Nguvu ya kukazia iko kwenye kitabu cha pikipiki, tumia toki (spana inayopima nguvu). Nati ndogo za ekzosi nyingi haziombi zaidi ya nyutoni mita 20 hivi, na mkono wa kijana aliyekula ugali ni nguvu mara mbili ya hiyo. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi. Mwaka ujao utanishukuru. Springi vuta kwa kulabu yake au kwa kitanzi cha kamba ngumu, na uvae miwani. Springi ikichomoka haina heshima na jicho la mtu.

Mwisho, futa ekzosi yote kwa spiriti kabla ya kuwasha. Mafuta ya vidole yakiungua juu ya chuma yanabaki alama ya kudumu, hasa kwenye titani. Nimewahi kuona mtungi mzuri wenye alama tano za vidole kama za mwizi kituoni.

Imetoa moshi mweupe mara ya kwanza!

Ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Dakika kumi, kumi na tano, yamekwisha. Baada ya kilomita 50 hadi 100, ikipoa, kaza tena kila kitu. Usiliruke hili. Mtungi uliodondoka barabarani ni hatari kwa wa nyuma yako.

Na maji yanayodondoka asubuhi?

Ni kawaida. Petroli ikiungua hutoa maji, na ekzosi baridi huyageuza matone. Ukiona tundu dogo chini ya mtungi wa kiwandani, hilo ndilo mlango wao. Kuna fundi aliliziba la rafiki yangu kwa weldi akidhani ni ufa, na mtungi ukaoza kutoka ndani.

Sensa ya oksijeni haiingii kwenye ekzosi mpya.

Nyingi zina nyuzi za milimita 18, lakini baadhi ya pikipiki hutumia ndogo ya milimita 12. Kuna adapta. Usiitupe sensa wala kuiacha ikining'inia hewani. Itasoma hewa tupu na kompyuta itamwaga mafuta. Na gundi za silikoni za kawaida zisikaribie ekzosi: hazivumilii moto ule, na mvuke wake huua sensa.

Hapa pwani ekzosi gani inakaa?

Stenlesi ni jina la ukoo. Ya kawaida, ile ya namba 304, ndiyo inayotengenezea ekzosi nyingi, na kwenye hewa yetu ya bahari itatoa madoa ya rangi ya chai hata kama haiozi. Namba 316 ina molibdeni kidogo na inavumilia chumvi vizuri zaidi, ila ni adimu kwenye ekzosi. Titani haijali chumvi, lakini mfuko utajali. Kaboni ni nzuri kwa gamba la mtungi, si kwa bomba. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeusi hukipi mwaka ukikaa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi.

Kazi ni kuosha. Kila wiki, na siku ile ile ukitoka karibu na bahari wakati wa kusi, mawimbi yanaporusha rasharasha mpaka barabarani. Ngoja ipoe, osha kwa maji baridi. Lakini angalia maji yenyewe! Visima vingi vya hapa mjini ni maji ya chumvi. Kuosha ekzosi kwa maji ya kisima ni kuipaka ulichotaka kuiondoa. Tafuta maji ya bomba au ya mvua, hata ndoo moja inatosha. Kausha, kisha paka mafuta mepesi kwenye bolti na springi, si kwenye bomba.

Kile kitambaa cha kuzungushia mabomba kinachouzwa kama cha mbio, usikiweke. Hapa kinashika unyevu na chumvi kama sifongo, na ukikifungua baada ya mwaka unakuta bomba limetoboka. Vivyo hivyo turubai la nailoni juu ya pikipiki usiku kucha. Funika kwa kitambaa kinachopumua.

Akrapovič kwa shilingi elfu nane, ni ya kweli?

Hapana.

Akrapovič ni kampuni ya Slovenia, ilianzishwa 1990, na hata nusu yao mpya huuzwa kwa mamia ya dola. Nzima za pikipiki kubwa hupita dola 1,000. Kabla haijafika mkononi, ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na usafirishaji na bima, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Elfu nane hailipi hata hiyo safari. Yoshimura wa Japani, Arrow na SC-Project wa Italia, wote wana nakala zao mtandaoni.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua "ya asili, imetoka kwa Mzungu" kwenye duka moja Mombasa. Ribiti zilianza kucheza kabla sijafika Kilifi. Nilipoufungua mtungi nikakuta pamba ya kioo, ile inayomeza sauti, imefungwa kwa uzi wa kushonea. Rahisi inavunja upishi.

Dalili za nakala: imeandikwa "inafaa pikipiki zote", herufi ya mwisho ya Akrapovič haina kialama juu, weldi imevimba kama ugali uliochemka, hakuna kizibo cha sauti ndani. Mtungi uliopasishwa Ulaya hupigwa mhuri wa E na namba ya nchi, E3 ikiwa Italia, ingawa anayeiga jina haoni tabu kuiga mhuri pia. Ukiamua kufunga nakala, ilipie bei ya nakala na uikague kila mwezi. Hapa Malindi kuna bahati moja: wageni wa Kitaliano wanaoondoka huuza vitu vyao, na mtungi halisi uliotumika ni bora kuliko nakala mpya.

Fundi wa weldi anaweza kunitengenezea?

Anaweza, kama ana mashine ya argoni na vijiti vya 308L kwa stenlesi ya 304. Akichukua kijiti cha kuchomea mageti, kiungo kitashika kutu kabla ya mwezi mtukufu kwisha. Mwombe akuoneshe weldi kwa upande wa ndani pia, isiwe imetoka matone yanayozuia njia.

Sheria inasemaje?

Kanuni za trafiki zinataka chombo chenye injini kiwe na sailensa inayofanya kazi, kwa hivyo bomba tupu ni kosa hata likiwa la bei ghali. Na NEMA, mamlaka ya mazingira, wana kanuni zao za kelele na mitetemo za mwaka 2009, ambazo huangalia zaidi usiku, hospitali, shule na nyumba za ibada. Mwambie pia wakala wako wa bima kwamba umebadilisha. Bima inataka uwazi, na siku ya ajali si siku ya kuanza kueleza.

Kizibo cha sauti nitoe? Bila hicho inanguruma vizuri.

Usitoe. Najua utatoa, kwa hivyo sikiliza hesabu.

Desibeli hazijumlishwi kama mayai. Kila desibeli 10 za ziada ni nishati ya sauti mara kumi, na sikio husikia kama mara mbili. Pikipiki mpya za spoti Ulaya hupimwa zikipita, na kikomo chake ni desibeli 77. Ukitoa kizibo unaweza kuvuka mia moja karibu na mdomo wa mtungi. Wataalamu wa usalama kazini wanakubali sikio la mtu likae kwenye desibeli 85 kwa saa nane. Kwenye 100, dakika 15 tu. Safari ya Mombasa ni kilomita 120 hivi. Piga hesabu mwenyewe, na usisahau kuwa wewe ndiye uliye karibu nayo zaidi.

Kizibo pia kinailinda pamba ya ndani. Ukikitoa, pamba inaweza kuungua mapema, sauti ikawa ya bati.

Halafu kuna watu. Nyumba zetu za Shela zimebanana, barabara ni nyembamba, sauti inagonga ukuta na kurudi. Usiku wa tarawehe ukipita mbele ya msikiti na ngurumo ile, mzee aliye kwenye sijda hataiona titani yako. Mimi nina desturi: nikifika mtaani nazima injini kwenye kona na kusukuma mita sitini za mwisho. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alikuwa akinisema kila asubuhi. Sasa ananiletea mahamri.

Waliotaka ngurumo kweli wangekwenda Ngomeni mwaka 1967, Waitaliano waliporusha roketi kutoka jukwaa la San Marco baharini. Ile haikuwa na kizibo.

Pamba ya ndani inabadilishwa lini?

Sauti ikianza kuwa kali na gamba la mtungi likipata joto kuliko zamani. Kwa wengi ni baina ya kilomita elfu 10 na elfu 20. Toboa ribiti, toa pamba ya zamani ukiwa umevaa barakoa na glavu, zungushia mpya ikiwa imebana, piga ribiti za stenlesi.

Nampakia mke wangu. Kuna la kuangalia?

Kubwa. Mtungi mpya mara nyingi hauna kinga ya joto, na ukikaa juu uko sawa na mguu wa abiria. Dera na buibui la nailoni likigusa linayeyuka na kuganda, na mbaya zaidi linaweza kuvutwa kwenye mnyororo. Funga kinga ya joto kabla hujampakia mtu, na nguo ikusanywe ikaliwe.

Akiungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili, halafu hospitali ikiwa pametoa lengelenge kubwa. Dawa ya meno, yai, asali ya jikoni, hapana. Barafu pia hapana.

Matuta yanagonga ekzosi yangu nzima.

Mabomba ya mbio hupita chini ya tumbo la injini na yalitengenezewa viwanja laini. Pita tuta kwa pembe, simama kwenye vikanyagio, usifunge breki juu ya tuta kwa sababu pua inazama. Ukiona bomba limebonyea, kagua kama lilipobonyea limeanza pia kupasuka. Ukimbeba abiria mzito, kaza springi ya nyuma.

Naweza kwenda nayo Lamu?

Hadi Mokowe, ndiyo, kupitia Garsen na Witu, zaidi ya kilomita 200. Hapo iache, panda boti. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vya watu na punda, na punda wa Lamu akishtushwa na ekzosi, ni wewe utakayemlipa mwenye mzigo.

Ya zamani niiuze?

Usiuze. Ifute, ipake mafuta ndani ya midomo, ifunge kwenye gunia kavu, iweke juu ya dari. Siku ya kuuza pikipiki mnunuzi ataiulizia, na siku trafiki akikuambia urudishe ya kiwandani utakuwa nayo ndani ya saa mbili. Yangu iko juu ya kabati la mama, na analalamika kila mwezi Shaabani akifanya usafi wa nyumba.